Kidude Tumboni mwa Wolai

Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kupasua samaki thelathini na kitu, ndipo kisu kikagonga kitu kigumu ambacho si mfupa. Mkono uliozoea kazi hii hauhitaji kuambiwa. Mfupa husukuma kisu pembeni, hiki kilikisimamisha.

Kila kiangazi nasimama kwenye meza ya bati karibu na gati hapa Erie, Pennsylvania, nikiwasafishia samaki watu wanaotoka kuvua kwa starehe. Wanataka minofu mitupu, isiyo na ngozi wala mwiba. Kichwa, mifupa na matumbo vinaingia kwenye pipa. Miaka ya kwanza jambo hilo lilinitoa machozi, kwa sababu nyumbani kwetu kichwa kilikuwa haki ya baba, na mfupa haukutupwa mpaka umenyonywa ukawa mweupe.

Samaki wa siku ile alikuwa wolai, ambaye ndiye anayewaleta wavuvi wengi kwenye Ziwa Erie. Wakanada wanaosema Kifaransa humwita doré, yaani wa dhahabu, na jina hilo nalipenda zaidi, maana ubavu wake ukiwa bado umelowa unang'aa kama pete ya ndoa. Jicho lake ni kubwa na lina weupe wa maziwa. Nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga, kama jicho la paka, na kwa jicho hilo huwinda jua linapozama na maji yanapokuwa na giza.

Huyu alikuwa jike, mrefu kushinda mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mgongoni, chini ya pezi, zilining'inia nyuzi mbili za plastiki za rangi ya chungwa. Tumboni ndimo kilimokuwa kile kigumu: kidude cheusi, cha mviringo, chembamba kuliko kidole gumba na kirefu kama kidole cha kati. Hakikuwa kinaelea ovyo. Mwili wa samaki mwenyewe ulikuwa umekisukia utando mweupe, mwembamba, ukakifunika chote kama mtoto aliyefunikwa shuka. Hapakuwa na usaha wala jeraha. Kwa nje, kwenye ngozi ya tumbo, palikuwa na kovu la mstari mmoja na alama ndogo za mshono pande zote mbili. Aliyeshona alikuwa na mkono mzuri; mimi ni fundi wa kupasua, najua kushona kuliko na haraka na kushona kuliko na utulivu.

Mwenye samaki alisoma maandishi kwenye ule uzi wa plastiki: namba ya simu, na ahadi ya dola 100 kwa atakayekirudisha kidude. Alifurahi kama mtoto. Mimi nilibaki nacho kiganjani, kina damu, na mawazo yangu yote yakaenda kwa baba na kadi yake ya posho ya kambini.

Nitaeleza kwanza kidude, halafu baba.

Watu wamewatia samaki alama tangu zamani. Katika kitabu cha uvuvi alichotoa Izaak Walton huko Uingereza mwaka 1653 kuna habari za utepe uliofungwa kwenye mikia ya samoni wachanga, ili ijulikane kama watarudi kwenye mto uleule. Hapa kwenye Maziwa Makuu wolai walivikwa kwa miaka mingi kipete cha chuma kwenye taya, chenye namba. Kipete kina udhaifu mmoja. Kinasema mahali pawili tu: pale samaki alipovikwa, na pale alipovuliwa. Safari nzima iliyo katikati ni kimya.

Kidude cha tumboni kinalia. Mlio wake ni mwembamba mno, kilohezi 69, sikio la binadamu haliufikii. Kinalia kila baada ya dakika moja au zaidi, kwa nafasi zisizolingana, kwa makusudi, ili samaki wawili wakiwa pamoja milio yao isigongane kila mara. Kila kidude kina namba yake, na betri inaweza kukaa miaka kadhaa. Chini ya ziwa vimetiwa nanga vinasa vya kusikiliza. Tangu mwaka 2010 upo mtandao wa watafiti wa Marekani na Kanada, unaoitwa GLATOS, unaounganisha vinasa hivyo katika maziwa yote matano. Ndani ya Ziwa Erie vingi vimepangwa kwa safu kama mashimo ya bao. Kinasa hakitumi habari juu. Kinakaa gizani, kinaandika: namba fulani, siku fulani, saa fulani. Kisha siku moja boti inakuja, inakiinua, na watu wanasoma kilichosikika.

Yaliyosomwa yamebadilisha mazungumzo ya wavuvi wa hapa. Wolai wengi wa ziwa hili huzaliana upande wa magharibi, kwenye miamba ya chini ya maji na kwenye mito kama Maumee, unaopita Toledo, Ohio. Hutaga Machi na Aprili, maji yakiwa bado na ubaridi wa barafu iliyoyeyuka juzi. Kisha upande ule, ambao una kina cha wastani cha mita saba hivi tu, unapata joto, na wengi wanaanza kwenda mashariki kufuata maji ya baridi na samaki wadogo. Wanaokwenda mbali zaidi ni wakubwa, hasa majike. Wengine hupanda Mto Detroit hadi Ziwa Huron. Basi samaki ninayempasua Erie mwezi wa Agosti huenda alitaga karibu na Toledo, kilomita kama 300 kutoka kwenye meza yangu. Na ikifika Machi, aliyesalimika anarudi. Mwaka hadi mwaka, vinasa vya mtoni vinaandika namba zilezile zikiingia mto uleule.

Watu wanaliona jambo hili la serikali, na kweli ni la serikali. Ziwa limepakana na majimbo manne ya Marekani na jimbo moja la Kanada, na samaki hana pasi ya kusafiria. Michigan, Ohio na Ontario hugawana kiasi cha wolai wanaoruhusiwa kuvuliwa kila mwaka, na mgawanyo wa haki unahitaji kujua samaki wa nani yuko kwa nani. Hilo silidharau hata kidogo. Ziwa hili lilikuwa na ndugu wa wolai, mwenye rangi ya samawati, aliyevuliwa kwa tani na tani na kuulisha mji wangu huu. Alipimwa kwa mizani kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaporomoka, na mwaka 1983 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba ametoweka. Kila mtu alijua uzito wake, na uzito haukumwokoa. Nikimfikiria huyo, nashukuru kwamba kuna watu wanaoinama mtoni mwezi Machi, mikono imekufa ganzi, wakimshona samaki mmoja mmoja.

Sasa baba.

Baba alikuwa mvuvi wa taa. Kila jioni isiyo na mbalamwezi alitoka kwetu Uvira, Kongo, na karabai zake, akarudi alfajiri na ndakala, na Mungu akipenda, mikeke. Usiku wa mwezi mpevu alilala nyumbani, kwani taa haina nguvu mbele ya mwezi. Mwaka 1996 tulivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi wa injini hadi Kigoma, Tanzania. Nilikuwa na miaka minane. Tukapelekwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa, bara kabisa, mahali ambapo upepo hauna harufu ya maji.

Njiani tuliandikishwa. Kwenye meza ya kwanza kijana mwenye kalamu alikuwa akiuliza upesi upesi, na nyuma yetu watu walikuwa wamejaa hadi macho yanapoishia. Jina. Umri. Mko wangapi. Kazi. Baba alisema: mvuvi. Yule kijana akaandika: mkulima. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Pengine ndilo neno alilokuwa ameliandika tangu asubuhi. Tarehe za kuzaliwa hakuwa na muda nazo, kwa hiyo familia nzima, watu saba, tulizaliwa tarehe 1 Januari.

Baba aliishi miaka kumi na mitatu akiwa mkulima. Viganjani alikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na kamba ya wavu, migumu kama kwato, na alikuwa na tabia ya kuisugua kwa kidole gumba jua likizama, saa ambayo zamani angekuwa anajaza karabai mafuta. Hapakuwa na safu ya kuandika hayo. Alifariki mwaka 2009. Kwa miezi miwili jina lake likaendelea kuitwa kwenye foleni ya posho. Mara ya kwanza mama alinyamaza. Mara ya pili alisema, "Ametutangulia." Akajibiwa alete cheti.

Kwa hiyo nilipoelezwa baadaye kwamba samaki akiliwa na ndege au na samaki mkubwa, kidude kinaendelea kulia kutoka tumbo la aliyemla, na kwamba samaki akifa akazama, namba yake inaendelea kuandikwa usiku na mchana, mahali palepale, mpaka betri iishe, sikushangaa. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya namna hiyo.

Jumapili moja nilimsimulia jambo hili mzee wetu mmoja wa kanisa, mtu wa Fizi, jirani na Uvira, aliyepita sabini na ambaye akisali hata watoto hutulia. Tulikuwa kwake, tunakunywa chai.

"Mwanangu," aliniambia, "unasumbuka bure. Kama binadamu ameweza kutandaza masikio chini ya ziwa, Mungu je? Yeye masikio yake hayana mahali yasipokuwepo. Soma tena Zaburi ya 139."

"Nimeisoma, baba. Lakini tukiongeza vinasa mpaka vijae ziwa lote, tutakuwa tumemjua yule samaki?"

"Utajua alipo kila dakika."

"Ndiyo, baba. Alipo."

Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Ni mtu wa haki. Hakuwahi kunijibu kwa hasira kwa sababu tu mimi ni mwanamke na ni mdogo. Akasema, "Sema unachotaka kusema."

Nilichotaka kusema ni hiki. Lugha yetu imetenga mambo mawili ambayo ofisi zote za dunia zinayachanganya. Nasema, "ninajua alipo," na nasema, "ninamjua." Kitenzi ni kilekile. Kimeongezeka kitu kidogo, herufi moja, katikati, na kupitia mlango huo mtu anaingia mzima. Naweza kujua ulipo miaka ishirini nisikujue. Na mama yangu alimjua baba usiku ambao hakuwa na habari yoyote ya alipo, ziwa limechafuka, taa hazionekani, akiwa ameketi mlangoni na upindo wa kanga mdomoni. Basi nikimwazia Mungu kama kinasa kisicho na mwisho, chenye kuandika kila dakika na kila mahali, nakuwa nimemwongezea masikio tu. Nimemfanya karani mkubwa kuliko makarani wote. Wala sijamfikia aliye katikati ya ile herufi moja.

Mzee alinipinga, na alinipinga vizuri. Alisema nisiwe na kiburi na hesabu. Katika Biblia kuna kitabu kizima kinachoitwa Hesabu, na humo Mungu mwenyewe anaamuru watu wahesabiwe, kabila kwa kabila. Mchungaji aliyepoteza kondoo mmoja alijuaje kwamba kapotea mmoja, kama hakuwa amehesabu? Na Bwana alizaliwa katika safari ya kwenda kuandikishwa. Nilimkumbusha Daudi, aliyehesabu watu na tauni ikafuata, na jinsi Yoabu, mtu wa vita ambaye si mpole hata kidogo, alivyomwonya mfalme asifanye. Tukakubaliana juu ya jambo moja: tofauti iko katika kinachotakiwa na yule anayehesabu. Daudi alitaka ukubwa. Mchungaji alitaka yule mmoja.

Hapo mzee alitosheka. Mimi bado. Kwa sababu hata mchungaji mwenye upendo, mradi anahesabu tu, hajamwuliza kondoo kitu.

Nikakaa na jambo hilo majuma kadhaa, kisu mkononi, mpaka nikakutana na Hajiri. Namjua tangu utotoni, lakini nilikuwa nimempita mbio, kama tunavyowapita watu tunaodhani tumewajua. Mwanzo, sura ya 16. Mjakazi, mgeni, mwenye mimba, anakimbia mateso ya bibi yake na yuko jangwani kwenye chemchemi. Malaika anamkuta pale. Anajua jina lake na kazi yake, anamwita kwa vyote viwili. Na bado anamwuliza: ametoka wapi, na anakwenda wapi.

Ni maswali yaleyale! Ndiyo maswali mawili ambayo kidude kimetengenezwa kuyajibu, ambayo kipete cha taya kilitengenezewa, ambayo kijana mwenye kalamu alituuliza. Lakini anayeuliza hapa hana haja ya jibu kwa ajili ya daftari. Anauliza kisha ananyamaza ili mwanamke aseme. Na angalieni anachojibu Hajiri: anajibu nusu. Anasema anamkimbia bibi yake. Anakokwenda hasemi, kwa sababu hana anakokwenda. Malaika hamkaripii kwa fomu isiyojazwa. Mazungumzo yanaendelea, na amri anayopewa si nyepesi, ya kurudi chini ya mkono uleule, sitaitetea hapa. Lakini mwisho wake Hajiri anafanya jambo ambalo hakuna mtu kabla yake katika kitabu kile amelifanya. Anampa Mungu jina. Anamwita yule anayemwona.

Aliyeandikwa hapewi nafasi ya kumtaja aliyemwandika. Hajiri aliulizwa, akajibu pungufu, na kutoka kwenye upungufu huo akapata sauti ya kutaja. Nikiomba sasa, siombi kwa Mungu ambaye tayari anayo orodha ya mienendo yangu. Anayo, sawa. Naomba kwa yule anayeniuliza kana kwamba hana, na kungoja.

Samaki haulizwi. Hili nalikubali, na sitaki kumbebesha wolai mambo ya binadamu. Lakini kuna kitu katika zile rekodi ambacho kinanifanya nitulie mbele yake kwa heshima. Kinasa kinasikia mita mia kadhaa, pengine kilomita moja maji yakitulia, na upepo ukichafua ziwa husikia pungufu. Ziwa Erie lina urefu wa kilomita 388. Kwa hiyo hata samaki anayefuatwa kwa vinasa vyote hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake inapita kati ya kinasa na kinasa. Kwenye kompyuta watu huvuta mstari kutoka nukta hadi nukta ili safari ionekane. Mstari ule umechorwa na sisi. Mule ndimo alimokula, alimoogopa, alimosimama usiku kucha juu ya mwamba bila sababu tunayoijua. Na kwamba anarudi Maumee tunajua. Kama anautamani mto, au anasukumwa na maji baridi na mwili wake mwenyewe, mlio wa kilohezi 69 hausemi.

Mimi sirudi. Mto Mulongwe ulipofurika Uvira, Aprili 2020, ulibeba mtaa tuliokuwa tukiishi, na kaka aliyenitumia picha alilazimika kunionyesha kwa alama ya mshale mlango ulipokuwa, maana palikuwa mawe matupu. Niliiangalia picha ile kwa muda mrefu nikiwa upande huu wa ziwa jingine, dirishani kuna theluji.

Siku ya yule samaki, mwenye kumvua aliniomba nimsaidie kupiga simu, mikono yake ilikuwa na ute. Aliyepokea alikuwa na sauti ya upole. Alimwambia mwaka na mto alikotiwa kidude: Maumee, miaka minne nyuma, wakati wa kutaga. Halafu akataka maelezo ya kuambatanisha na kidude kwenye bahasha: tarehe, mahali, urefu, jinsia. Mwenye samaki alikuwa na haraka ya kurudi majini, akaniachia karatasi na kalamu. Nikanawa. Nikaandika tarehe, mahali, urefu, jike.

Nilikuwa bado nina matumbo yake mezani. Sikuyatupa kwenye pipa. Nilipasua mfuko wa tumbo, nikakuta samaki wadogo watatu wa fedha, mmoja amekwisha kulainika, wawili bado wana macho. Mayai ya masika yajayo yalikuwa yameanza kujitunga, membamba, ya manjano hafifu. Kwenye taya ya chini palikuwa na tundu la zamani lililopona, la ndoana nyingine, aliyoikata siku nyingi kabla ya hii.

Nafasi ya kuandika hayo haikuwepo. Nikaigeuza karatasi ubavu, nikayaandika pembezoni, kwa herufi ndogo, mpaka pembezo ikajaa.